Uchakataji wa ishara, kutoka ekografi hadi skana unganishi

Uchakataji wa ishara kidijitali ni jina refu la kazi inayofanyika kila siku katika vyumba vya ekografi vya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo. Kipimo kinapopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito, mashine hutuma sauti isiyosikika, kisha husubiri mwangwi. Sauti hiyo hupenya mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi wa kitu kilicho sentimita 1 ndani hurudi baada ya mikrosekunde 13 hivi. Mashine huugeuza kuwa tarakimu, hupunguza kelele, hukuza miangwi iliyofifia kwa kutoka mbali, ndipo picha hutokea. Ukibonyeza kitufe cha Dopla, hesabu nyingine hufanyika, na mwendo wa damu hulazwa kwa rangi nyekundu na buluu juu ya picha ya kijivu. Tayari hizo ni picha mbili katika moja.

Kitenzi “kuchakata” hakiwapi shida watu wa Butembo, mji wa kahawa: tunda humenywa, huoshwa, hafifu huelea na kutupwa, buni hubaki. Taabu iko kwenye “ishara”. Mgonjwa akiambiwa ishara zake zimechakatwa, atafikiri ni dalili za ugonjwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, shirika la Translators without Borders lilionyesha kuwa Kiswahili cha vipeperushi mara nyingi hakikuwa kile wanachozungumza wenyeji. Wahandisi wabaki na ishara yao. Mbele ya mgonjwa inatosha kusema mashine inasafisha kile inachopokea.

Skana unganishi ndiyo inayodai istilahi hii kwa uzito wake wote. Mfano wa kwanza wa skana hiyo, PET/CT, inayounganisha PET (picha ya shughuli za seli) na CT (picha ya eksirei ya matabaka), kazi ya David Townsend na Ronald Nutt, ulianza kupima wagonjwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Wengi hudhani ni picha mbili zilizobandikwa tu. Sivyo. Mgonjwa hudungwa sukari yenye florini-18 ya mionzi, ambayo kila positroni yake ikizimika hutoa miale miwili inayokimbia pande zinazopingana. Mashine huhesabu tu jozi zinazofika karibu wakati mmoja, ndani ya nanosekunde chache. Lakini mwili humeza miale mingi njiani, hasa ile inayotoka katikati ya kiwiliwili. Hapo picha ya CT, inayojua wapi pana mfupa na wapi pana hewa, hutumika kukadiria kilichopotea na kukirudisha kwenye hesabu. Huko ndiko kuunganisha kwenyewe.

Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwezi kusafirishwa kwa barabara za Kivu kwa siku nzima. Mgonjwa ndiye anayesafiri, avuke mpaka wa Kasindi, afike Nairobi, arudi na ripoti ya Kiingereza kwa daktari aliyesoma kwa Kifaransa. Humo atakuta picha za aina mbili, ambazo ningeziita “iliyorekebishwa kwa mwili” na “isiyorekebishwa”. Ya pili si takataka. Mtu aliyebaki na kipande cha risasi mwilini, jambo lisilo geni Beni, anaweza kuonekana ana uvimbe unaong’aa palepale, kwa sababu CT imekidhania chuma kuwa kizito mno na hesabu ikaongeza kupita kiasi. Daktari hufungua picha isiyorekebishwa, na mng’ao haupo.