Umri wa Mti na Ukweli wa Kiti

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo walivyonena wahenga wa pwani, wakiwaonya wapenda sura wasiopekua ndani. Lakini kipande hicho cha mti nacho kina khabari zake, tena si haba, kwa anayejua kukisaili. Katika nchi ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa pekee, kwani huko thamani imezoea kupimwa kwa mizani. Uchimbaji mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, ukakoma mwaka 1966, ukafufuka mwaka 2000. Mwaka uliofuata ukafunguliwa mgodi wa Bulyanhulu, Kahama. Dhahabu haina umri: iwe ilichimbwa juzi au zama za mababu, uzito na usafi wake ndio bei yake. Kigoda cha mtemi ni kinyume chake. Kivue zamani yake, kitabaki gogo.

Kigoda hicho, ambacho kwa Kisukuma huitwa isumbi, huchongwa kwa gogo moja bila ya kuungwa. Baadhi ya vile vya watawala wa Unyamwezi na Usukuma vilipewa egemeo refu, na mtu wa Unguja au Lamu akiliona hukumbuka kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa njumu za pembe na kuwekewa mgeni mtukufu. Si ajabu. Karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Tabora na kuendelea kaskazini. Kwa njia hiyo John Hanning Speke alipita mwaka 1858 hadi akaliona ziwa. Baadhi ya wataalamu huona kwamba wachongaji wa bara waliliazima egemeo hilo kutoka viti vya pwani, kisha wakalifanya lao.

Basi mtu akiletewa kigoda na kuambiwa ni cha mtemi wa kale, aanzie wapi? Aanzie chini. Miguu iliyoburutwa sakafuni miaka mingi huchakaa bila ya usawa, na ukingo wa mbele wa kikalio hulainishwa na mapaja ya wakaaji, ilhali uvunguni mti hubaki mkavu na mkwaruzo. Kigoda kinachong'aa sawasawa kila upande kimepakwa. Mara nyingi ni rangi ya viatu, nayo hujulikana kwa harufu. Nyufa nazo husema: ufa wa kale una kingo nyeusi na vumbi lililogandamana ndani, ufa mpya huonyesha mti mweupe. Tezo huacha vijibonde vidogo visivyolingana, msumeno wa mashine huacha mistari iliyopangika. Hata wadudu ni mashahidi. Mdudu akitoka mtini huacha tundu la mviringo; lakini vijia vyake vikionekana vimepasuliwa kwa urefu juu ya uso uliochongwa, mti ulibunguliwa kwanza, ukachongwa baadaye. Huo ni mti wa zamani uliotiwa patasi jana.

Maabara nayo ina mipaka yake. Kipimo cha kaboni huutambua vyema mti uliokua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Lakini kwa mti uliokua baina ya katikati ya karne ya 17 na mwaka 1950, jibu huja na miaka mingi inayogongana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, kwa upande wake, huviita masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Mwaka huo sheria inaujua. Mti hauwezi kuutaja. Isitoshe, kaboni hueleza lini mti ulikua, si lini ulichongwa, wala nani alikalia.

Hapo ndipo ushahidi wa watu unapohitajika, na hapo ndipo hasara ilipo. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, vigoda vilipoteza kazi yake, na vingi vikabaki mikononi mwa jamaa. Mwaka 1994 sanaa ya uchongaji ya Tanzania ilionyeshwa kwa fakhari Berlin na Munich. Macho ya wanunuzi wa Ulaya yakafunguka, na penye wanunuzi waghushi hawakosekani. Kigoda kikitoka kijijini usiku na kupita mikono mitatu, jina la mtemi hubaki nyuma. Kikifika sokoni, cha kweli na cha kughushi huwa mayatima sawasawa, na hadithi ya muuzaji ndiyo nasaba yao.

Bujora, karibu na Mwanza, kuna funzo jingine. Katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ni jengo la karne ya 20, wala hakuna aliyeliita la kughushi, kwa kuwa halikudai umri lisio nao. Uwongo, basi, hauko katika upya wa mti, bali katika nasaba ya kubuni. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kupima kaboni. Ni kukaa na wazee wangali hai, kuandika kigoda kilikuwa cha nani, kilikaa nyumba gani, na kilitolewa siku gani, kabla hakijapakiwa.