Leseni ya Mwalimu, Busia Hadi Tororo

Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika eneo ambalo leo ni Kenya. Jamii za Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka, na baadaye watoto wao wakawa walimu kwa njia mbili.

Kenya ilipanga walimu kwa herufi P. Wa P3 kwa kawaida alitoka shule ya msingi moja kwa moja, wa P1 alikuwa na cheti cha kidato cha nne, na wa P2 alisimama katikati. Uganda ilikuwa na Gredi ya II, kisha Gredi ya III: kidato cha nne, halafu miaka miwili chuoni, kwa mfano Mukuju, Tororo.

Cheti peke yake hakikumpa mtu mshahara. Upande wa Kenya, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianzishwa 1967, na tangu hapo namba yake ya usajili ndiyo kila kitu. Aliyefuzu bila nafasi hubaki akifundisha kwa posho ya wazazi. Uganda, baada ya ugatuzi wa miaka ya 1990, mwalimu wa msingi huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya, kwa hiyo bahasha ya maombi huishia Tororo mjini, si Kampala. Ukaribu huo una faida, na pia una ajira za kujuana.

Njia zote mbili zimebadilika: sera ya walimu ya Uganda ya 2019 inadai shahada. Kenya iliacha P1 na kuanza stashahada 2021.