Zumari la Doha halina silsila

Mpulizaji wa shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Wajapani, anaweza kukutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka akafika kwa Kurosawa Kinko, aliyefariki mwaka 1771 baada ya kukusanya tuni 36 kutoka kwa watawa waombaji. Jina la bingwa hurithiwa kama kiti.

Doha, nchini Qatar, nako kuna zumari. Silsila halina.

Linalia kwenye leiwa, ngoma ya watu waliotoka kwetu, Pwani ya Afrika Mashariki. Zumari hutangulia peke yake, ngoma zikafuata, kisha wachezaji wakaanza kuzunguka polepole. Mtazame mpulizaji mashavu: yamevimba kama ya mtu aliyesukutua akasahau kutema. Pumzi inaingia kwa pua, nyingine inatoka kwa mdomo, na sauti haikatiki. Ndio ufundi wa ngoma zetu, kirumbizi cha Lamu na sengenya ya Wadigo. Hata ngoma ya msondo, huko Ghuba, ingali inaitwa msondo. Mtu wa Tanga hahitaji mkalimani.

Wengi waliovuka na ufundi huo walipakiwa jahazini kama bidhaa. Karne ya 19 lulu ya Ghuba ilipanda bei, wenye vyombo wakataka wazamiaji, na Pwani yetu ikawa mahali pa kuwapata. Mara nyingi mtumwa hakuandikiwa jina la baba yake, seuze la aliyemfundisha zumari.

Lulu nazo zikaja kuangushwa na Mjapani, Mikimoto Kokichi, aliyefanya ufugaji wake kuwa biashara. Zake zilipojaa sokoni, huku dunia ikiwa katika mdororo wa miaka ya 1930, uzamiaji ukafa. Yakafuata mafuta ya Dukhan, na huko pia watumwa walipelekwa kazini, bwana akila sehemu ya ujira. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952. Habari hizo zinasimuliwa leo katika nyumba ya Bin Jelmood, mtaa wa Msheireb, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2015 katika jengo lililokuwa la mfanyabiashara wa watumwa.

Leiwa yenyewe haikungoja makumbusho. Harusini ingali inapigwa, na nyimbo zake ni Kiarabu kilichochanganyika na Kiswahili kilichochakaa, maneno yanayotamkwa kama yalivyopokewa kwa wazee, maana yake imeshapotea. Mswahili akisimama kando ya duara atadaka neno moja, la pili limpite, na kabla hajauliza zumari limeshaanza upya.