Nguvu ya udongo katika uthabiti wa miteremko

Nguvu ya udongo ni uwezo wake wa kustahimili mzigo kabla ya tabaka moja kuteleza juu ya jingine. Hutokana na mshikamano wa chembe na msuguano kati yake. Thamani hizi mbili zinapoingizwa katika hesabu ya mteremko huhitaji tahadhari, kwa kuwa udongo uleule hubadilika kati ya kiangazi na masika.

Anayechonga barabara katika vilima vya Angurai, Kaunti ya Busia, asidanganywe na ukingo uliosimama wima wakati wa ukavu. Sehemu ya mshikamano huo huletwa na mvutano wa maji machache yaliyobaki kati ya chembe. Mvua ikizama, mvutano hutoweka. Kaskazini mwa hapo, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, mvua kubwa iliporomosha mteremko wa Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, na mamia ya watu wakafa.

Ni salama zaidi kuuacha kabisa mshikamano wa ukavu nje ya hesabu. Udongo wa mfinyanzi uliowahi kuteleza hupewa nguvu iliyosalia baada ya mtelezo, si ile ya kilele. Kanuni ya Ulaya, Eurocode 7, hudai kadirio la tahadhari la nguvu ya udongo, ambalo kisha hugawanywa, kwa kawaida kwa 1.25. Tahadhari haimaanishi kuokota kipimo cha chini kuliko vyote: mtelezo hupita eneo pana, hivyo wastani uliopunguzwa hufaa, isipokuwa palipo na tabaka jembamba dhaifu ambalo mtelezo unaweza kulifuata.