Mumiani na Pwani ya Ruvuma: Neno Lililotangulia Sindano

Makusudi ya makala haya ni kulitazama neno moja tu, mumiani, na kueleza jinsi jina la dawa lilivyogeuka kuwa jina la mtu wa kuogopwa. Wasomaji wa vitabu vya Ulaya wamzoea mnyonya damu wa namna nyingine: maiti afufukaye kaburini usiku, aumaye shingo za walio hai ili apate kuendelea kuishi. Ndivyo alivyochorwa na Bram Stoker katika kitabu chake Dracula cha mwaka 1897, na ndivyo alivyoonekana katika filamu ya Kijerumani, Nosferatu, mwaka 1922. Mumiani wa pwani yetu hafanani naye. Hana kaburi wala meno marefu. Ni mtu hai, tena ni mtu wa kazi: ana bwana aliyemtuma na ujira anaoungojea. Damu aitwaayo haiinywi. Huipeleka kwa watu wengine, wakaifanye dawa au bidhaa. Mwenzake wa Ulaya huongozwa na njaa yake mwenyewe, bali huyu huongozwa na biashara. Tukiishika tofauti hiyo, twaweza kuifuata historia yake.

Asili ya neno ni Uajemi. Mum kwa Kiajemi ni nta, na mumiyai ni lami nyeusi itokayo majabalini, ambayo tangu zamani ilitumika kutibu mifupa iliyovunjika na majeraha. Waarabu waliiita mumia. Jina hilo lilipofika Ulaya lilichanganywa na mambo ya Misri, kwa kuwa watu walidhani kwamba maiti za kale zilizohifadhiwa zilijaa lami hiyo. Basi kwa karne nyingi wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti zilizosagwa, na wagonjwa wakaunywa. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila mtu aliye mwepesi wa kucheka imani za wengine. Dhana ya kwamba Mzungu hutengeneza dawa kwa miili ya watu haikutoka katika ndoto tupu. Iko zamani ambapo ilikuwa kweli, ingawa miili yenyewe haikuwa ya watu wa hapa.

Huko Bara Hindi nako neno lilikuwa na hadithi yake. William Crooke, katika kitabu chake cha mwaka 1896 juu ya mila za Hindi ya Kaskazini, ameandika habari za hofu ya watu kwamba Wazungu huwakamata wenyeji ili wapate kutoa mumiyai miilini mwao. Kwa hiyo neno halikusafiri peke yake. Dawa na hadithi ya dawa zilikuwa katika shehena moja.

Sasa tuitazame pwani yetu ya kusini. Kabla mji wa Mtwara haujajengwa, bandari iliyojulikana ilikuwa Mikindani, na kutoka hapo hata mlango wa Ruvuma si mwendo mrefu. David Livingstone alipofika sehemu hizi mwaka 1866, akianza safari yake ya kupanda Ruvuma, alikuta nchi iliyokwisha kuumizwa na biashara ya watumwa. Mateka walishushwa pwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapakiwa katika majahazi. Na hata baada ya Seyyid Barghash kuipiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, bado iliendelea kwa siri. Katika bandari kama hizi, ambazo wafanya biashara wa Kihindi na wa Kiarabu walizizoea, dawa za mbali ziliteremshwa na wanadamu wakapakiwa. Mtu aliyepakiwa hakurudi, wala aliyebaki hakupata habari ya mwisho wake. Naona ya kuwa palipo na mambo mawili kama hayo pamoja, si ajabu akili ya watu kuyaunganisha: wale waendao bila kurudi, na dawa nyeusi ijayo bila kujulikana imetengenezwa kwa nini.

Ushahidi wa tarehe wazipa nguvu fikira hizi. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, ililiandika neno mumiani pamoja na maelezo kwamba, kwa dhana ya wenyeji, ni dawa ambayo Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu. Krapf alianza kukaa Mombasa mwaka 1844, na utawala wa Wajerumani haukuanza ila mwaka 1885. Wataalamu wengi wamezieleza hadithi za mumiani kuwa ni tunda la hospitali za kikoloni, pamoja na sindano zake na vipimo vyake vya damu. Hapana shaka mambo hayo yalizikuza. Lakini neno lilitangulia sindano. Sindano ilipofika, ilikuta mahali pake pamekwisha kutengenezwa.

Sarufi nayo yatoa ushahidi wake. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 mumiani ni kitu: dawa nyeusi mfano wa gundi, ambayo wengine wasadiki kuwa ni damu iliyogandishwa. Kwa maana hiyo husemwa "mumiani imeletwa". Lakini katika vinywa vya watu neno lilihama ngeli bila kubadili umbo lake, likawa "mumiani amekuja", "mumiani wamemchukua". Kitu kilichouzwa kikawa mtu auzaye. Sehemu nyingine walimpa majina ya kazi yake: chinjachinja katika bara ya Tanganyika, na wazimamoto huko Nairobi na Kampala, ambako gari jekundu la zimamoto lilidhaniwa kuwa ndilo lichukualo watu.

Karne ya 20 iliongeza sababu. Katika Vita ya Kwanza wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu na majeshi ya pande zote mbili. Ruvuma yenyewe ilivukwa na jeshi la Wajerumani mnamo Novemba 1917, na wengi wa wapagazi hawakurudi kwao. Mwaka 1946 E. C. Baker aliandika juu ya mumiani katika Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1959 uvumi huo ulizusha ghasia za mauti huko Buguruni, Dar es Salaam. Uhuru ulipopatikana, neno la damu liliingia katika siasa: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza unyonyaji, na mwenye kula jasho la wengine akaitwa kupe, akaambiwa mirija yake itakatwa.

Ng'ambo ya Ruvuma, watu ni wale wale, Wamakonde na Wamakua, lakini lugha ya serikali ni Kireno. Katika Msumbiji ya kaskazini mnyonya damu huitwa chupa-sangue. Kwa Kireno chupa ni kunyonya, na sangue ni damu. Lakini Mswahili asikiapo chupa hufikiri chombo cha kutilia dawa. Ni sadfa tu ya sauti, walakini sadfa hiyo yaonyesha mpaka wa fikira: jina la Kireno lataja tendo la kinywa, nalo sikio la Kiswahili larudi kwenye bidhaa. Hofu ya chupa-sangue iliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1975, wakati serikali mpya ilipowataka raia wachangie damu kwa ajili ya hospitali.

Mambo haya si ya kale tu. Mwezi wa Oktoba 2016, katika Wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata uvumi kama huo, ulioonekana kutoka Msumbiji, ulisababisha vifo kusini mwa Malawi, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya watumishi wake huko.

Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ametufundisha kuzipokea hadithi hizi kama ushahidi wa fikira za watu, wala si kama ujinga wa kufutwa. Nakubaliana naye, lakini naongeza neno moja. Waliouawa Chamwino hawakuwa mabwana wa biashara yo yote. Walikuwa raia wa nchi hii waliotumwa kazini. Hadithi iliyozaliwa kwa kuwaogopa wenye nguvu imekuwa ikiwaangukia wageni wanyonge. Nasi tukusanyao maneno vijijini twafika vile vile: kwa gari lisilojulikana, tukiuliza majina, tukiandika, tukichukua vitu tusivyorudisha. Kumweleza mwenyeji kwanza twachukua nini, twakipeleka wapi, na atapata nini, si adabu tu ya utafiti. Ni jibu la swali aliloanza kuuliza kabla ya mwaka 1882, ambalo mara nyingi halikujibiwa.