Luleå 1997: Walipobana Jedwali, Ruta Ikakimbia

Leo tuchungulie ndani ya ruta. Kila pakiti inapoingia, ruta husoma anwani inakokwenda na kuamua itokee mlango upi. Kazi hiyo yaonekana rahisi, lakini katika miaka ya 1990 iliwatia wahandisi tumbo joto.

Hapo awali anwani ziligawanywa kwa makundi. Sehemu ya mtandao ilikuwa biti 8, 16 au 24, na ruta ilijua mara moja pa kukata. Ubaya ni kwamba mgao huo ulipoteza anwani nyingi. Shirika lenye tarakilishi 300 halikutosha kundi C lenye nafasi 254, basi likapewa kundi B lenye zaidi ya 65,000! Mwaka 1993 ukaja mpango wa CIDR ulioruhusu kukata popote. Anwani zikaokolewa, mzigo ukahamia kwa ruta.

Kwa nini? Kwa sababu sasa anwani moja yaweza kulingana na mistari kadhaa ya jedwali, na mshindi ni mstari mrefu zaidi. Fikiria simu: 254 ni Kenya, 25441 ni Mombasa. Namba ikianza na 25441, ipelekwe Mombasa.

Unix ya BSD ilitumia mti wa Patricia, wazo la Donald Morrison la mwaka 1968. Unashuka tawi baada ya tawi, na kila hatua ni safari ya kwenda kwenye kumbukumbu, ambayo ni ya polepole. Wengi wakaamini kwamba programu tupu haitaweza kamwe kasi ya gigabiti.

Mwaka 1997, kwenye mkutano wa SIGCOMM mjini Cannes, Degermark, Brodnik, Carlsson na Pink wa Luleå, Uswidi, walionyesha vingine. Hawakuomba mashine kubwa, walibana jedwali. Mti wa biti 32 waliukata tabaka tatu: 16, 8 na 8. Badala ya kurudia jibu lilelile kwa anwani jirani, waliweka 1 pale jibu linapobadilika na 0 linapoendelea, kisha ruta huhesabu hizo 1 ili kujua jibu liko wapi.

Njia 40,000 zikaenea katika kilobaiti 150 hadi 160, yaani ndani ya kache ya prosesa. Pentium Pro ya megahezi 200 ikaweza kutafuta mara milioni kadhaa kwa sekunde. Udogo ndio uliozaa kasi. Gharama yake ni kwamba jedwali lililobanwa hivyo ni gumu kurekebisha njia zinapobadilika.

Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la intaneti lilivuka njia 512,000. Ruta za zamani zilizotengewa nafasi hiyo tu zikajaa, na baadhi ya mitandao ikayumba. Leo njia za IPv4 pekee zimepita 900,000.

Basi ndugu mwandishi wa programu, kabla hujaomba kumbukumbu zaidi, jiulize kwanza: ni kitu gani ninachokirudia bure?