Kondoo wawili waliozaa maonyesho ya kilimo Marekani

Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield, wilaya ya Berkshire, magharibi ya jimbo la Massachusetts, Elkanah Watson aliwaleta kondoo wake wawili kwenye uwanja wa mji, akawaweka chini ya mti mkubwa ili watu waje kuwatazama. Watson alikuwa mfanyabiashara aliyeuaga mji na kugeukia ukulima. Kondoo wale walikuwa dume na jike la merino, uzao wa Hispania wenye sufu laini kuliko ya kondoo yeyote aliyefugwa wilayani humo. Wakulima walikuja, na wanawake nao wakaja. Katika kumbukumbu zake Watson anaeleza wazo lililomjia pale uwanjani: ikiwa wanyama wawili tu wamewavuta watu kiasi hiki, mifugo ya wilaya nzima ikikusanywa mahali pamoja itawavuta wangapi?

Swali hilo ndilo lililozaa maonyesho ambayo hadi leo hujaza viwanja vya kaskazini mashariki ya Marekani kila Septemba na Oktoba, majani ya miti yanapoanza kugeuka mekundu na ya njano. Anayefika leo hukutana kwanza na mabembea, taa na harufu ya vitafunwa vya kukaangwa, na ni rahisi kudhani kwamba hayo ndiyo maonyesho yenyewe. Sivyo. Maonyesho haya yalianza kama shule, na sehemu zake zilizo bora bado ni shule.

Mwaka ule kondoo hawakuwa jambo la mapambo. Mwezi Desemba 1807 Rais Thomas Jefferson alitia saini sheria iliyozifunga bandari za Marekani zisifanye biashara na nchi za nje, kwa sababu ya ugomvi wa baharini na Uingereza na Ufaransa. Vitambaa vya Kiingereza, ambavyo Wamarekani walizoea kuvaa, vikaadimika. Ilibidi wafume vyao, na kwa kitambaa kizuri ilitakiwa sufu nzuri. Hispania ilikuwa imewalinda merino wake kwa karne kadhaa ili wasitoke nje kwa wingi, mpaka majeshi ya Napoleon yalipoivamia mwaka 1808 na ulinzi huo ukavunjika. William Jarvis, konseli wa Marekani mjini Lisbon, aliitumia nafasi hiyo kusafirisha kondoo wapatao 4,000 kuvuka Atlantiki. Pale Pittsfield kwenyewe alikuwapo Arthur Scholfield, fundi aliyetoka Uingereza na ujuzi wa kuunda mashine za kuchana sufu. Soko lilikuwa tayari na mashine zilikuwa tayari. Kilichobaki ni kumshawishi mkulima aachane na kondoo aliorithi kwa baba yake.

Mkulima hashawishiwi kwa urahisi, wala halaumiwi kwa hilo. Akibadili mbegu au uzao wa mifugo na mambo yakaharibika, familia yake hulala njaa. Aliyemshauri hupata ujira wake vilevile. Tangu mwaka 1777 kulikuwa na chama mjini Bath, Uingereza, kilichotoa zawadi kwa kilimo bora, na Marekani nayo ilikuwa na vyama vya mabwana wenye mashamba makubwa waliokutana kusomeana makala. Makala hizo hazikumfikia mtu wa ekari 40 mlimani. Watson aliliona pengo hilo. Mtu yule hakuwa na haja ya hotuba. Alihitaji kumshika kondoo wa jirani yake kwa mkono wake mwenyewe, amuulize jirani huyo anamlisha nini, kisha arudi nyumbani akifikiri.

Oktoba 1810 maonyesho ya kwanza ya mifugo yalifanyika Pittsfield, na mwaka uliofuata Chama cha Kilimo cha Berkshire kikasajiliwa. Hapo Watson akaonyesha kipaji chake hasa, kipaji cha kuwapangia watu sherehe. Aliandaa gwaride mjini: safu ndefu ya maksai waliofungwa nira na kuunganishwa kwa minyororo, wakikokota plau moja iliyoshikwa na wazee wa wilaya. Palikuwa na muziki, sala, hotuba, zawadi za vyombo vya fedha, na usiku dansi. Baadhi ya watu walimcheka. Nami naona hakuna aliyewaelewa wakulima wa wakati ule kuliko yeye, maana alijua kwamba mtu anayefanya kazi peke yake mwaka mzima hutamani kutambuliwa mbele ya wenzake kuliko anavyotamani fedha.

Kwa wanawake alikuta ugumu mwingine. Vitambaa vilivyofumwa majumbani ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa wilaya, na Watson alitaka wafumaji waje kuchukua zawadi zao wenyewe. Vitambaa vikaletwa, wenyewe hawakuonekana. Kujitokeza hadharani kupokea tuzo kulikuwa jambo geni, na kila mmoja alingoja mwingine atangulie. Basi Watson akamwomba mkewe aende ukumbini, na habari zikapelekwa mjini kwamba Bi. Watson yupo tayari anawasubiri. Ukumbi ukajaa. Tangu siku hiyo meza za vitambaa, mablanketi ya viraka, jamu na mikate hazijakosekana kwenye maonyesho ya Marekani, na mashindano yake ni makali sawa na ya mafahali.

Mfano wa Berkshire ulienea haraka. Mwaka 1818 wilaya ya Essex, pwani ya Massachusetts, ilianzisha chama chake chini ya Timothy Pickering, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Maonyesho yake, ambayo sasa hufanyika Topsfield, bado yapo. Mwaka 1819 jimbo la New York likatenga dola 10,000 kwa mwaka za kusaidia vyama vya namna hiyo. Fedha za serikali zilipokatika, vyama vingi vikafa navyo. Vilifufuka katika miaka ya 1840, reli zilipoanza kubeba mifugo na watu. New York ilifanya maonyesho ya jimbo zima mjini Syracuse mwaka 1841.

Septemba na Oktoba hazikuchaguliwa kwa bahati. Nyasi kavu za mifugo zimeshaingizwa ghalani, mahindi yamekomaa, maboga yamelala shambani, ng'ombe wamenenepa kwa malisho ya kiangazi na theluji bado iko mbali. Hizo ndizo wiki chache ambazo mkulima wa kaskazini anaweza kuondoka nyumbani akiwa na kitu cha kuonyesha.

Mwanasiasa naye huenda watu waliko. Septemba 30, 1859, wakili mmoja kutoka Illinois alialikwa kuhutubia maonyesho ya jimbo la Wisconsin mjini Milwaukee. Abraham Lincoln alisema faida kuu ya maonyesho ni kukiendeleza kilimo chenyewe. Akataka watu walime vizuri eneo dogo badala ya kulima ovyo eneo kubwa, akaizungumzia plau ya mvuke, na akasisitiza kwamba elimu na kazi ya mikono havina budi kukaa pamoja. Mwishoni aliwageukia wale waliokaribia kushindwa: zawadi zingetangazwa punde, na wengine wangekwenda nyumbani mikono mitupu. Akawasimulia kisa cha mfalme wa mashariki aliyewataka wenye hekima wake wamtafutie maneno ya kweli yanayofaa katika kila hali, wakampa maneno ya kukumbusha kwamba kila jambo lina mwisho wake. Mwaka mmoja baadaye Lincoln alichaguliwa kuwa rais. Kati ya hotuba zake zote hii husomwa kidogo mno, na inasikitisha, kwa kuwa humo anazungumza na wakulima kama watu wenye akili zao.

Ukitaka kuiona shule yenyewe ikifanya kazi, simama kando ya uwanja wa kondoo wakati wa hukumu. Mwamuzi huwazunguka wanyama bila kusema neno. Humpapasa mmoja mgongoni kwa viganja kupima nyama iliyoufunika uti, kisha huitenga sufu ya ubavuni kwa vidole hadi ngozi ionekane, aangalie nyuzi zimejikunja kiasi gani na kama ni zilezile tokea begani hadi pajani. Akimaliza huwapanga, na mshindi huvishwa utepe wa buluu. Kisha, katika maonyesho mengi, huchukua kipaza sauti na kueleza mbele ya wote kwa nini huyu wa pili hakuwa wa kwanza. Kwangu mimi maelezo hayo ndiyo kiini cha siku nzima. Mwenye kondoo wa pili anayasikia, na jirani zake wote wanayasikia, na mwakani atakuja na mnyama mwingine.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mbio za farasi ziliingia kwa nguvu, na pamoja nazo kamari, huku wachungaji wa makanisa na wenye vyama wakibishana kama ziruhusiwe. Mwaka 1893 George Ferris alisimamisha gurudumu lake la kubebea watu, la urefu wa mita 80 hivi, katika maonyesho ya dunia mjini Chicago, na mtaa wa burudani uliolizunguka ukaigwa nchi nzima. Michezo ilileta fedha, na fedha ziliokoa maonyesho mengi yasife. Siwezi kuilaani; Watson mwenyewe alianza na dansi. Hatari huja pale mabanda ya mifugo yanaposukumwa pembeni mpaka uwanja ukabaki kiwanja tu kinachongoja mnunuzi. Maonyesho ya Danbury, jimbo la Connecticut, yaliyoanza mwaka 1869, yalifungwa mwaka 1981, na mahali pake pakajengwa jengo kubwa la maduka.

Kilichoyarudishia maonyesho uhai wake ni watoto. Mwaka 1902 mwalimu A. B. Graham alianzisha Ohio klabu ya wavulana na wasichana waliolima vishamba vyao wenyewe, na kutoka klabu za namna hiyo ukakua mtandao wa 4-H. Mtoto hupewa ndama, humlisha, humwosha, hujifunza kumwongoza kwa kamba, humpeleka maonyeshoni, na siku ya mwisho mara nyingi humuuza mnadani. Machozi kwenye mnada huo ni ya kweli. Wazo hilo lilifika kwetu pia: Kenya ilianzisha vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na mwaka 2021 serikali ikavizindua upya shuleni. Maonyesho ya Nairobi pale Jamhuri Park, ambayo nayo huangukia Septemba na Oktoba, yana asili nyingine, kwani chama kinachoyaandaa kilianzishwa na walowezi wa Kiingereza mwaka 1901. Lakini aliyewahi kuwa Jamhuri Park, au viwanja vya Nane Nane Morogoro, akamsikia mfugaji akimhoji mwenzake juu ya maziwa ya ng'ombe mmoja, ameshaona kile Watson alichokitafuta.

Mwaka 1977 wakulima wa kilimo hai wa jimbo la Maine walifungua maonyesho yao wakayaita Common Ground, na humo hakuna mabembea ya kuendeshwa kwa mashine. Kuna mbegu, mbolea ya mboji, sufu, farasi wa kulimia na masomo ya bure kuanzia asubuhi hadi jioni. Umati unaofika kila Septemba katika mji mdogo wa Unity ni wa makumi ya maelfu. Kilimo cha Maine kina uhusiano na kwetu pia: katika jimbo hilohilo, karibu na mji wa Lewiston, wanaishi Wabantu wa Kisomali, ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Uzigua, katika Tanzania ya leo, na wapo ambao hadi sasa wanazungumza Kizigua. Wamepata mashamba, na moja ya mazao yao ni mahindi ya kusaga unga.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi pande hizo, au anayewatembelea ndugu zake, Common Ground hufanyika wikiendi moja katika nusu ya pili ya Septemba. Fryeburg, pia Maine, maonyesho yaliyoanza mwaka 1851, huchukua wiki nzima mwanzoni mwa Oktoba. Huko nenda ukatazame maksai wawili wakikokota matofali ya zege juu ya sileji, mwenyewe akitembea kando yao na fimbo, akiwaongoza kwa sauti. Topsfield hukamilika Jumatatu ya pili ya Oktoba, na ndipo mwaka 2012 lilipopimwa boga la kwanza duniani kuvuka pauni 2,000. Lilikuwa na kilo zipatazo 911. Fika asubuhi na mapema, uanzie mabandani, wakati wenye mifugo bado wanaosha wanyama na wana nafasi ya kuzungumza.